Band on the Run: Albamu ya Lagos isiyo na Lagos ndani

Band on the Run, albamu ya Paul McCartney na kundi lake la Wings, iliingia madukani Desemba 1973. Kileleni mwa chati ya Uingereza ilifika Julai 1974, ikakaa hapo wiki 7. Kwa mtu aliyetoka The Beatles, hiyo ni safari ndefu mno. Sababu zake ziko sokoni, lakini muziki wenyewe ulianzia Lagos, na habari za Lagos zimetiwa chumvi nyingi.

McCartney aliiomba kampuni ya EMI orodha ya studio zake za ng'ambo, akachagua Lagos akiwaza jua na ufuo wa bahari. Alifika Agosti 1973, msimu wa mvua, katika nchi iliyokuwa na miaka 3 tu tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe viishe. Kundi nalo lilikuwa limemegeka. Mpiga gitaa Henry McCullough alijiondoa muda mfupi kabla ya safari. Mpiga dramu Denny Seiwell akapiga simu dakika za mwisho kusema haendi. Waliopanda ndege ni McCartney, mkewe Linda, Denny Laine, na Geoff Emerick, fundi sauti aliyewahi kuwarekodi The Beatles.

Studio ya EMI pale Apapa ilikuwa na mashine ya kanda ya traki 8, wakati studio kubwa za London zilikwishahamia 16. Traki zikiwa 8, kila chombo kinagombea nafasi, na uamuzi wa kuchanganya sauti mbili kwenye traki moja haurudishwi nyuma. Kwa kuwa mpiga dramu hakuwapo, McCartney alikaa mwenyewe kwenye dramu, kisha akapiga besi juu yake. Sikiliza “Let Me Roll It”: dramu hazina mbwembwe, zinaacha mwanya, na besi inaingia palepale kwenye mwanya. Mtu anayepiga dramu huku akijua besi itapita wapi hana haja ya kujaza kila pengo. Nadhani hapo ndipo albamu hii ilipopata mwili wake, kuliko kwenye kisa chochote cha mitaani.

Visa vyenyewe havikukosekana. Usiku mmoja Paul na Linda, wakitembea kwa miguu ingawa walikwishaonywa, walivamiwa na watu wenye kisu wakaporwa mfuko uliokuwa na kanda za majaribio ya nyimbo. Wengi hupenda kusema wizi huo ulikuwa neema iliyojificha. Mimi naona nyimbo zilikuwa kichwani mwake tayari. Siku nyingine alizimia studio, ikadhaniwa ni moyo. Daktari akasema ni mapafu, na sigara zimezidi.

Kisa chenye uzito ni cha Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria na mwasisi wa afrobiti. Alimshutumu McCartney kwamba amekuja kuiba muziki wa Kiafrika, na kwa jinsi kampuni za Ulaya zilivyozoea kuvuna muziki wa watu, shaka hiyo haikuwa ya bure. McCartney alimsikilizisha alichorekodi, Fela akaridhika. Alikuwa na haki ya kuridhika, maana humo hamna afrobiti. Mpiga dramu Mwingereza Ginger Baker, aliyekuwa na studio yake Ikeja, naye alitaka sehemu yake. Wakaenda kwake kurekodi wimbo mmoja, “Picasso's Last Words”, yeye mwenyewe akitikisa kopo la changarawe. Na Mnigeria anayesikika katika albamu, Remi Kabaka kwenye “Bluebird”, alirekodiwa London!

London ndiko kazi ilikomalizikia, studio za AIR, mwezi Oktoba. Tony Visconti aliandika sehemu za okestra, Howie Casey akaweka saksafoni.

Sasa soko. McCartney alishikilia desturi ya The Beatles: singo ni singo, albamu ni albamu, mnunuzi asilipie wimbo uleule mara mbili. Kwa hiyo “Helen Wheels”, iliyotoka kabla, haikuwekwa kwenye toleo la Uingereza. Al Coury, mtu wa matangazo wa kampuni ya rekodi ya Capitol huko Marekani, aliona desturi hiyo inawanyima redio kitu cha kupiga. Akapigania “Helen Wheels” iingie kwenye toleo la Marekani, ikaingia. Kisha akambembeleza McCartney akubali “Jet” itolewe peke yake, halafu wimbo wenye jina la albamu. Zote mbili ziligeuka vibao, na kila kimoja kiliwavuta watu dukani upya. Ndiyo maana Marekani albamu ilishika namba moja mara 3 tofauti ndani ya 1974, ikishuka na kupanda tena. Heshima ya mnunuzi ni jambo zuri, ila mwaka ule ilikaribia kumgharimu McCartney albamu yake bora baada ya The Beatles.

Mwaka 2024, kuadhimisha miaka 50, ilitolewa michanganyo ya awali ya Oktoba 1973, kabla okestra ya Visconti haijaongezwa. Anayetafuta Lagos ndani yake hataipata. Atawasikia watu watatu na mashine ya kanda, na dramu zilezile zinazoacha mwanya.