Msailiwa wa Soni abebe hesabu za sokoni

Bei ya kabichi na nyanya pale Soni inaweza kugeuka kabla ya saa sita mchana, na kijana aliyekulia sokoni anajua sababu. Malori yamechelewa kupanda kutoka Mombo, mvua imekata njia ya Bumbuli, au mzigo wa mikoa mingine umetangulia kufika Dar es Salaam. Kijana huyo huyo akiitwa kwenye usaili wa kazi, iwe benki, kwenye SACCOS au kiwandani Tanga, akaulizwa uzoefu wake, hujibu kwamba hana. Hapo ndipo fedha ya familia inapopotea.

Maana usaili ni gharama. Nafasi nyingi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na usaili wake huweza kufanyika Dodoma. Kwa mtu wa Soni hiyo ni nauli, kulala gesti na chakula, tena mara nyingi kuna mchujo wa kuandika kabla ya mahojiano ya ana kwa ana. Mzazi aliyeuza viazi kulipa ada anauza viazi tena kulipa safari. (Anayedai "ada ya usaili" ni tapeli; Sekretarieti haitozi.) Aliyesahau cheti halisi nyumbani huweza kurudishwa mlangoni hata kabla ya swali la kwanza.

Swali la kwanza lenyewe karibu kila mahali ni lile lile: "Tueleze habari zako." Wengi huanzia shule ya msingi na kumalizia kidato cha sita, wakati wasaili wana wasifu huo mezani. Wanachotaka ni maelezo ya dakika mbili yanayoonyesha mwombaji anaweza kufanya kazi iliyotangazwa.

Tuchukue mfano wa binti mwenye stashahada ya uhasibu, ambaye kila likizo alimsaidia mama yake kupeleka nyanya. Akisema yeye ni mchapakazi, mwaminifu na anajituma, amerudia waliyoyasema wote waliomtangulia. Lakini akisema hivi: "Tulikuwa tunapeleka matenga 40 Dar es Salaam na matano yanafika yameharibika. Nikaanza kuandika kwenye daftari kila safari, nikagundua zinazoharibika ni zile tulizopakia zimeiva. Tukawa tunapakia zilizoanza kugeuka rangi tu, zilizoiva tunauza hapa hapa Soni na Mombo. Hasara ikashuka hadi tenga moja." Hasara imetoka asilimia 12.5 hadi 2.5. Meneja wa benki hahitaji kujua nyanya. Amemsikia mtu anayeweka kumbukumbu, anayezisoma na kuchukua hatua, na huyo ndiye anayemtafuta kukaa dirishani au kwenye mikopo.

Sharti ni kwamba hesabu hiyo iwe ya kweli. Asiye na daftari asilitunge, kwa kuwa swali linalofuata litakuwa: "Ulikuwa unaandika nini humo?" na wasaili wazoefu hufukua hadi chini ya tenga.

Swali la udhaifu ndilo linaloangusha wengi. Jibu la kukariri, kwamba "udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi", ni lumbesa: kila mtu anaona kilemba kilichoshonewa juu ya gunia. Ni heri kutaja udhaifu wa kweli usiogusa kiini cha kazi, na kueleza unavyorekebishwa. Karani wa fedha asiseme huchanganya hesabu. Anaweza kusema huona aibu kuzungumza mbele ya watu wengi, na kwamba amejiunga na kamati ya kikundi chake ili ajizoeze. Na kwa kuwa mahojiano mengi huendeshwa kwa Kiingereza, majibu yote yasemwe kwa sauti nyumbani katika lugha zote mbili. Kuyasoma kimya kimya hakutoshi.

Kisha huja suala la mshahara. Waombaji wengi hutaja tarakimu waliyoisikia kwa jirani bila kujua kitakachofika mkononi. Mshahara wa sh. 400,000 katika sekta binafsi hukatwa asilimia 10 ya NSSF, yaani sh. 40,000. Zinazobaki 360,000 hutozwa kodi: kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, sh. 270,000 za kwanza hazina kodi na zinazozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Kodi ni sh. 7,200, na mkononi hufika 352,800. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo hukatwa tena asilimia 15 ya mshahara wa msingi, sh. 60,000, akabaki na 292,800. Toa humo chumba Tanga mjini na nauli. Mwenye hesabu hii hutaja kiwango kwa utulivu na kueleza alivyokifikia. Muuza karoti haanzi kupatana na dalali kabla ya kujua gharama yake shambani. Mshahara nao hupatanwa hivyo.

Wanawake bado huulizwa kama wameolewa au wanatarajia kuzaa lini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ndoa na ujauzito, na inamlinda hata mwombaji ambaye hajaajiriwa. Si lazima kugombana mezani. Inatosha kusema kwamba hakuna kitakachomzuia kutimiza ratiba ya kazi, kisha kurudi kwenye kazi yenyewe.

Mwishoni wasaili huuliza, "Una swali?" Kunyamaza ni hasara. Aulize kazi yake itapimwa kwa nini katika miezi mitatu ya mwanzo, na atawajibika kwa nani. Akipewa kazi, adai maelezo ya ajira kwa maandishi siku anapoanza. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ayatoe. Hilo linamhusu pia mwenye ghala la viazi pale Soni anayeajiri karani wake wa kwanza.