Diski Moja Ikifa, Tulia Kwanza

Diski moja kufa ndani ya kisanduku cha kuhifadhia mafaili nyumbani, kile mafundi tunachokiita NAS, si msiba. Kisanduku kiliundwa kwa kutarajia siku hiyo. Msiba huja baadaye kidogo, pale mwenye nyumba anaposhtushwa na mlio wa tahadhari na taa nyekundu, akachomoa diski ya kwanza aliyoifikia. Hasara kubwa nilizokutana nazo kwenye kazi hii zilitokana na haraka ya aina hiyo.

Hapa Dodoma visanduku hivi nimevikuta Ilazo, Kisasa na Area D: kwa watumishi walioifuata Serikali baada ya tangazo la mwaka 2016 la kuhamia makao makuu, kwa wahadhiri wa UDOM, na zaidi kwa wapiga picha za harusi, ambao sendofu moja tu huwaachia mamia ya gigabaiti za video. Wana sababu nzuri. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota nchini, aliyekuwa na mafaili yake nyumbani aliendelea kuhariri kama kawaida.

Ili uelewe kwa nini haraka ni hatari, elewa kwanza hesabu iliyomo ndani. Kwenye kisanduku cha diski nne, mpangilio unaotumika sana ni RAID 5, mojawapo ya mipangilio iliyoelezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Tuseme diski ya kwanza ina 5, ya pili ina 3, ya tatu ina 4. Ya nne inatunza jumla, yaani 12. Ya pili ikifa, mfumo unachukua 12, unaondoa 5 na 4, unabaki na 3. Kwa kweli hesabu hufanyika kwa biti, na hiyo jumla husambazwa kwenye diski zote, lakini mantiki ndiyo hiyo. Sasa angalia sharti lake: ili ile 3 ipatikane, diski tatu zilizobaki lazima zisomeke zote, mwanzo hadi mwisho.

Diski zako zikiwa za TB 4, hiyo ni TB 12 za kusoma bila kukosea. Watengenezaji wa diski nyingi za nyumbani huahidi kosa lisilozidi moja kwa kila biti trilioni 100 zinazosomwa, sawa na TB 12.5. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo, lakini ahadi ndiyo hiyo. Na kazi ya kujenga upya data kwenye diski mpya si ya dakika. Kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, kujaza diski ya TB 4 huchukua zaidi ya saa saba. Ya TB 8, karibu saa 15. Kisanduku kikiendelea kutumika, hata siku nzima hupita. Muda wote huo diski zilizobaki, ambazo mara nyingi zilinunuliwa siku moja na duka moja na zimechoka pamoja, zinasukumwa kuliko siku zote. Na RAID 5 haivumilii kifo cha pili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kunakili. Chomeka diski ya nje, anza na visivyoweza kupatikana tena: picha za familia, video za wateja ambazo hazijakabidhiwa, vyeti, tasnifu. Filamu ulizopakua zisubiri. RAID hukulinda dhidi ya diski kufa tu. Ukifuta folda kimakosa, itafutika kwenye diski zote kwa wakati mmoja.

Kazi ya pili ni kuhakikisha kuwa diski kweli imekufa. Kila diski hujiwekea rekodi ya afya iitwayo SMART. Namba 5 huhesabu sekta zilizoharibika na kuhamishwa, 197 zinazosubiri hukumu, 198 zilizoshindikana kusomeka. Zikipanda, agiza diski. Lakini kama hizo ni sifuri na inayopanda ni 199, mashaka yaelekee kwenye waya au mguso wa soketi. Zima, chomoa, rudisha vizuri, pima tena.

Kisha jua ni ipi. Hapa wengi huumia, kwa sababu baadhi ya programu huhesabu diski kuanzia 0, hivyo "diski 2" ni ya tatu kutoka kushoto. Usiamini nafasi. Soma namba ya utambulisho kwenye skrini, ilinganishe na iliyochapwa kwenye lebo ya diski yenyewe. Ninachopendekeza ni kuandika tarakimu nne za mwisho kwenye kipande cha tepu na kukibandika mbele ya kila trei, siku kisanduku kikiwa kizima. Ukiibandika kwenye diski yenyewe, isizibe tundu dogo la kupumulia.

Diski mpya iwe na ukubwa sawa au zaidi. Ikipungua hata kidogo itakataliwa. Uliza pia jinsi inavyoandika data. Aprili 2020 ilibainika kuwa baadhi ya diski za WD Red za TB 2 hadi 6 zilitumia uandishi wa SMR, unaopandanisha njia za data, bila wanunuzi kuelezwa. Diski za namna hiyo hukwama vibaya wakati wa kujenga upya. Tafuta ya CMR, isiyopandanisha. Na mwanzoni mwa 2025 Ujerumani ilikumbwa na diski za Seagate zilizokwisha kutumika maelfu ya saa zikiuzwa kama mpya, hivyo angalia saa za matumizi kabla hujalipa. Ukiiagiza Kariakoo, iwe kwa basi au treni, omba ifungwe kwa sponji, na ikifika uipe jaribio refu kwenye kompyuta kabla ya kuiamini.

Umeme ndio unaonipa wasiwasi zaidi. UPS ndogo, ile betri ya akiba, haitavumilia saa saba za ujenzi. Kazi yake ni kukipa kisanduku nafasi ya kujizima kwa adabu, na hilo hufanyika tu ukiunganisha waya wa USB kati ya viwili hivyo. Wengi hawauungi. Mifumo mingi ya sasa huendelea na ujenzi umeme ukirudi. Hatari iko kwenye kukatika ghafla katikati ya kuandika.

Kiangazi chetu, Mei hadi Novemba, kina vumbi na hewa kavu. Puliza vumbi kisanduku kikiwa kimezimwa na diski zimetolewa, kila moja ikiwa na alama ya nafasi yake. Gusa chuma kabla ya kushika diski, na ishike pembeni. Mwinuko wa Dodoma, kama mita 1,100, usikutishe. Watengenezaji wengi huruhusu hadi takribani 3,000.

Kama kuna nafasi tupu na diski mgonjwa bado inasomeka, iache mahali pake, weka mpya pembeni, uamuru mfumo uhamishe. Ndiyo njia salama kuliko zote, kwa sababu ulinzi haukatiki. Kama nafasi hakuna, soma kitabu cha maelekezo: kisanduku kisichoruhusu kuchomoa kikiwa kimewashwa kizimwe kabisa. Kinachoruhusu, vuta trei kidogo, subiri nusu dakika sahani ziache kuzunguka, ndipo uitoe.

Ujenzi ukimalizika, amuru mfumo ukague data yote, kisha fungua mwenyewe mafaili machache ya zamani. Diski iliyotoka isiende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ikiwa na sura za wateja wako. Kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Futa diski hiyo kwa kuandika juu ya data yote, na kama haiwaki tena, toboa sahani zake kwa drili ukiwa umevaa miwani.