Aruwimi ni mto mmoja: mchimbaji wa juu na mvuvi wa Basoko washike daftari moja

Maji yanayopita mbele ya Basoko yametoka mbali sana. Yanaanza upande wa Ituri, si mbali na Ziwa Albert, yakiitwa mto Ituri. Yanapita katika pori kubwa la Mambasa, yanapokea mto Epulu, halafu mto Nepoko, na kuanzia pale mto unabadilisha jina, unaitwa Aruwimi. Unapita Panga, unapita Banalia pale barabara ya Kisangani kwenda Buta inapouvuka, unapita Yambuya, na mwisho unaingia katika mto Congo pale Basoko. Ni safari ya kilomita zaidi ya 1000. Kitu chochote mtu anachotupa ndani ya maji katika safari hiyo, Basoko ndiyo inakipokea mwisho.

Neno hilo ndilo ninaleta leo kwa wachimbaji wenzangu na kwa familia zao. Katika miaka hii kazi ya dhahabu imeongezeka ndani ya mto na pembeni yake. Iko upande wa Mambasa, na imeingia hata katika Hifadhi ya Okapi, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Iko pia katika teritware ya Banalia, upande wa Panga, ambako madragi yananyonya mchanga wa chini ya mto mchana na usiku. Wakaaji wa kule wamelalamika wazi: maji yamechafuka, samaki wamepungua. Mvuvi wa Basoko hana fungu katika dhahabu ile. Fungu lake ni matope.

Watu wengi wanafikiri kutunza mto ni kazi ya wavuvi na ya watu wa mazingira, na kwamba mchimbaji anayeongea habari ya mto anakata tawi alilokalia. Mimi ni mtu wa sendika, ninasema kinyume. Mto ukifa, mchimbaji anaumia mara mbili: kwanza mwilini mwake na mwa watoto wake, halafu kazini.

Matope yanaua vipi

Tuanze na kusema ukweli juu ya rangi. Mito ya pori letu kwa kawaida iko myeusi kidogo, sawa na chai, juu ya majani yanayooza chini ya miti. Maji hayo si machafu, samaki wetu wanayapenda. Matope ni kitu kingine. Draga inanyonya mchanga na changarawe, inaosha, inabakiza dhahabu, na yote yanayobaki inayarudisha mtoni. Udongo mwembamba unaelea, unasafiri siku nyingi bila kutua. Jua haliingii tena chini, majani ya majini yanakosa nguvu, mashavu ya samaki yanaziba. Pale maji yanapopunguza mwendo, udongo ule unatua juu ya mayai ya samaki na kuyafunika. Hakuna mtu anayeona samaki wamekufa. Anaona tu kwamba msimu unafika na samaki wadogo hawako.

Draga inaacha pia mashimo na vilima vya changarawe ndani ya mto. Njia ya mtumbwi inahama, ukingo unaanguka. Mazuti yanayomwagika yanafika pale mama anapoloweka muhogo wake, kwenye maji yale yale anayoteka kwa kupika.

Zebaki inaanza na sisi

Hapa tusiwanyooshee wengine vidole tu. Sisi wachimbaji wadogo tunatumia zebaki, ile tunaita merkiri, kwa kukamata unga wa dhahabu. Tunaiosha katika beseni, nyingine inaenda na maji. Halafu tunachoma lile donge, na moshi usioonekana unaingia katika mapafu. Wengine wanachomea nyumbani, karibu na jiko, watoto wakiwa wamekaa. Mkono unaoanza kutetemeka, usingizi unaopotea, kusahau mambo ya jana: mara nyingi watu wanasema ni uchawi ao uchovu, kumbe zebaki nayo inaleta mambo hayo.

Ile iliyoingia mtoni haipotei. Vijidudu vya chini ya matope vinaigeuza kuwa sumu kali zaidi, samaki wadogo wanaila, samaki wakubwa wanakula wale wadogo, na kila hatua sumu inaongezeka. Samaki mla wenzake sawa mbenga ndiye anaikusanya zaidi. Mama mjamzito akila sana samaki wa namna hiyo, sumu inapita hadi kwa mtoto tumboni na kuharibu ubongo wake. Dunia ilijifunza jambo hili kwa machozi pale Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956 kati ya familia za wavuvi, juu ya kiwanda kilichomwaga zebaki katika ghuba. Ndiyo maana mapatano ya dunia juu ya zebaki, yaliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kazi mwaka 2017, yanaitwa Mapatano ya Minamata. Na leo, kati ya zebaki yote ambayo kazi za watu zinatupa hewani duniani, zaidi ya theluthi inatoka kwa uchimbaji mdogo wa dhahabu, yaani kazi yetu.

Dawa zake zinajulikana. Iko retorti, chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba: moshi wa zebaki unapita katika bomba, unapoa, unarudi kuwa maji mazito, na mchimbaji anaitumia tena badala ya kununua nyingine. Iko pia njia ya boraksi, ambayo wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wanaitumia bila zebaki hata kidogo. Kooperative moja ikinunua retorti moja, inatumikia timu nyingi.

Sahani, kamba na daftari

Sasa tufike kwenye kazi ambayo kijiji chochote cha Aruwimi kinaweza kuanza wiki hii. Kulalamika kwamba maji yamechafuka hakutoshi. Mwenye mashine atajibu kwamba ni mvua. Lazima tuwe na hesabu.

Wataalamu wa maji wanatumia kitu rahisi sana: sahani nyeupe. Chukua sahani ya bati, ipake rangi nyeupe, ifunge chini jiwe zito, juu ifunge kamba yenye fundo kila sentimeta 10. Ingia katika mtumbwi wakati jua liko juu kabisa, teremsha sahani upande wa kivuli cha mtumbwi. Inapopotea machoni, hesabu mafundo. Ivute polepole, inapoonekana tena, hesabu tena. Katikati ya hesabu hizo mbili ndicho kipimo cha siku. Andika tarehe, fasi, kama mvua ilinyesha jana ao leo, na jina la aliyepima. Rudi fasi ile ile kila wiki, na ikiwezekana apime mtu yule yule.

Jambo la maana kuliko yote: siku moja pima mara mbili, upande wa juu wa draga na upande wake wa chini. Mvua inachafua mto wote. Kama sahani inaonekana vizuri juu na kupotea haraka chini, mvua haina kesi tena. Haba na haba hujaza kibaba: daftari la mwaka mmoja, lenye sahihi za mvuvi, mchimbaji na chifu wa kijiji, ni ushahidi ambao hakuna ofisi inaweza kuutupa kwa urahisi.

Sahani haiwezi kuonyesha zebaki. Kwa hiyo samaki na matope lazima viende laboratware, na Kisangani iko Chuo Kikuu na Kituo cha Uangalizi wa Bioanuwai. Daftari la kijiji linawaonyesha wataalamu wachukue wapi na wakati gani.

Tulichoona kwingine

Mwezi wa 7 mwaka 2021, mito Tshikapa na Kasai ilibadilika rangi, samaki na viboko wakafa. Uchafu ulitoka katika mgodi wa almasi wa Catoca, nchini Angola. Waziri wa mazingira, Eve Bazaiba, alitangaza vifo vya watu 12 na wagonjwa zaidi ya 4400. Kampuni ilikubali kwamba bwawa lake lilivuja, lakini ilisema ni mchanga na udongo tu. Katika mabishano ya namna hiyo, anayejua maji yalikuwa vipi kabla ya msiba ndiye mwenye nguvu.

Mwaka huo huo, katika teritware ya Mwenga, Kivu ya Kusini, wakaaji walipiga kelele juu ya mito na mashamba yaliyoharibiwa na wachimba dhahabu wenye mashine. Mwezi wa 8, gavana Théo Ngwabidje alisimamisha kampuni sita. Ulikuwa ushindi wa wananchi. Lakini mwezi wa 7 mwaka 2024, gavana mwingine, Jean-Jacques Purusi, alilazimika kusimamisha kazi za uchimbaji katika jimbo juu ya fujo iliyozidi. Tuelewe hapo: tukiacha fujo ikomae, siku serikali inafunga, inafunga kwa wote, na mchimbaji mdogo asiye na akiba ndiye analala njaa kwanza.

Ghana walituma askari na kusimamisha uchimbaji mdogo mwaka 2017, wakafungua tena mwishoni mwa 2018. Mwaka 2024 mto Pra ulikuwa na matope kiasi kwamba kiwanda cha maji cha Sekyere Hemang kilikuwa kinapokea maji machafu mara saba kuliko kilivyojengwa kusafisha. Safari hii vyama vya wafanyakazi ndivyo vilisimama: vilitangaza mgomo wa nchi nzima kuanzia tarehe 10 mwezi wa 10, vikausimamisha baada ya kupatana na serikali. Sendika ziliona kwamba maji ni haki ya mfanyakazi sawa na mshahara.

Sheria iko mkononi mwetu

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na inampa pia kazi ya kuyatetea. Sheria ya migodi, iliyorekebishwa mwaka 2018, inasema mwenye hati ya mgodi anajibu kwa hasara anayoleta kwa watu na mazingira hata kama hakuna kosa la makusudi. Inadai kaye de sharje, yaani maandishi ya kazi ambazo kampuni inaahidi wakaaji, na 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Kati ya kodi ya madini, 15% ni ya sekta ao shefferi ambako mgodi uko. Iko pia sheria ya maji ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015. Kila chifu na kila sendika ina haki ya kuuliza: kaye iko wapi, nani aliisaini, na mto umeandikwa ndani?

Ninachoomba ni kitu kimoja: komite moja ya mto, kutoka Panga hadi Basoko, yenye wachimbaji, wavuvi, bamama na machifu. Wachimbaji walete retorti, wasiichome tena zebaki nyumbani, na waoshee dhahabu katika mashimo ya pembeni, mbali na mto. Wavuvi waache sumu na vyandarua, na waheshimu pori lililofurika ambako samaki wanazaa. Bamama wanaoteka maji kila siku washike daftari, sababu wao wanaujua mto kuliko wote. Sendika ipeleke daftari hilo kwa Division ya Migodi, kwa SAEMAPE, kwa uratibu wa mazingira wa jimbo na kwa bunge la jimbo pale Kisangani, na nakala kwa gazeti.

Mfanyakazi wa draga asiogope komite hii. Haitafuti kumnyang'anya mkate. Inatafuta atakaporudi kwao akute bado kuna samaki wa kuweka katika sahani ya watoto wake. Sahani, kamba na daftari la shule havihitaji ruhusa ya mtu. Kijiji cha kwanza kitakachoanza kitulete hesabu zake, nasi tutazipeleka kwa kijiji kinachofuata chini ya mto.