Dhamana ya Meneja Mkuu katika Usimamizi wa Kimkakati wa Rasilimaliwatu: Mfano wa Kiwanda cha Fremont

Makala haya yanafafanua kwa nini usimamizi wa kimkakati wa rasilimaliwatu ni dhamana ya meneja mkuu kabla ya kuwa kazi ya idara ya utumishi. Mfano wetu ni kiwanda cha magari cha Fremont, California. General Motors ilikifunga mwaka 1982, kikijulikana kwa utoro na migomo. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikiitwa NUMMI. Wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, chini ya chama kilekile cha wafanyakazi, lakini utoro ulipungua mno na ubora wa magari ukapanda. Kilichobadilika ni uongozi. Mfanyakazi aliyeona kasoro aliruhusiwa kusimamisha mstari mzima wa uzalishaji, nao uongozi uliahidi kutopunguza watu ila uhai wa kampuni ukiwa hatarini. Mauzo yaliposhuka mwishoni mwa miaka ya 1980, waliokuwa hawana kazi ya kufanya walipelekwa mafunzoni badala ya kuachishwa. Ahadi ya namna hiyo hugusa bajeti, ratiba ya uzalishaji na faida. Ofisa utumishi, hata awe hodari vipi, hana mamlaka ya kuitoa. Kwa hiyo utafiti unaowahoji maofisa utumishi pekee huishia kupima fomu na taratibu.