Mgahawa Usiopika Nyama: Uliza Kabla ya Kuagiza

Mitaa ya Kisutu, Dar es Salaam, ina migahawa ya Kihindi isiyopika nyama. Hata hivyo, "bila nyama" si sawa na "mimea pekee". Dengu huweza kuungwa kwa samli, chapati kupakwa samli, na mchuzi kutiwa mtindi. Kwa mwenye mzio mkali wa maziwa, tofauti hiyo ni suala la uhai. Muulize mpishi, usitegemee bango. Uliza pia iwapo chipsi zilikaangwa katika karai la kuku. Maharage ya nazi ya mama lishe wa Kariakoo, yasiyotangazwa popote, huenda yakakufaa zaidi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Ukipotoshwa, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani pamoja na risiti.