Arubuni Isitangulie Masharti

Mwananchi anayetaka kununua nyumba Mji Mkongwe au Ng'ambo aghalabu huanzia mwisho. Huyaamini maneno ya dalali, akatoa arubuni barazani mbele ya mashahidi wawili, kisha ndipo akauliza nyumba ni ya nani. Jawabu humfikia kwa kuchelewa: marehemu aliacha warithi saba, mmoja wao yuko Maskati, na huyo hakuulizwa.

Sisi tuliokaa chuoni tulisomeshwa mlango wa hiari. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi visiwani humu, humruhusu mnunuzi kushurutisha hiari ya siku tatu, na humpa haki ya kurudisha kitu akigundua kasoro iliyofichwa. Wanazuoni hao hao hawakuikubali arubuni ambayo mnunuzi akighairi humpotea bure. Ajabu ni kwamba tumeishika arubuni, hiari tumeiacha!

Lakini siku tatu hazitoshi kwa mambo ya leo. Ardhi ni ya umma kwa Sheria Namba 12 ya 1992, na anachouza mtu ni haki ya matumizi. Kuihaulisha haki hiyo kunataka ridhaa ya Bodi iliyowekwa kwa sheria ya 1994. Basi kabla ya fedha kutoka, maagano yaandikwe kwamba hayamfungi mnunuzi mpaka warithi wote watie saini, Kamisheni ya Wakfu ithibitishe kuwa nyumba si wakfu, na Bodi iridhie. Itajwe siku ya mwisho, na isemwe kuwa sharti moja likikosekana arubuni hurudi yote.

Liongezwe sharti la fundi. Nyumba zetu za mawe na chokaa hubebwa na boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimezama ukutani. Dari likivuja, kichwa huoza humo ndani, ilhali chini pamepakwa chokaa mpya pakapendeza. Jicho la mnunuzi halifiki huko. Nyundo ya fundi hufika.

Wauzaji watanung'unika kuwa wanashukiwa wizi. Mwenye hati safi hapotezi kitu ila wiki chache.

Kwa maofisa wa ardhi tuna ombi: ichapishwe fomu moja ya maagano haya, kwa Kiswahili chepesi, iwekwe kwa kila sheha. Sheha ndiye anayeitwa kushuhudia, na mara nyingi huitwa fedha zikiwa zimekwisha kuhesabiwa.