Misuli Ikibana Mlimani, Usiulize Chumvi

Swali hili linarudi kila msimu wa mbio unapokaribia, na halibadiliki ila maneno. Mtu amejiandikisha na mwenzake katika mbio za baiskeli za mlimani za watu wawili wawili, siku kadhaa mfululizo, na anauliza ameze vidonge vingapi vya chumvi kwa siku ili misuli isimbane. Mwingine anataka kujua idadi ya ndizi, mwingine pakiti za ORS, mwingine magnesiamu ya aina gani. Hakuna idadi ya kumpa yeyote kati yao, kwa kuwa swali lenyewe limeanzia pasipo. Anayebanwa na misuli katika mbio za namna hii, mara nyingi sana msuli wake umechoka baada ya kulazimishwa kufanya kazi kwa kasi ambayo haukuzoeshwa. Na katika mbio za timu kasi hiyo aghalabu haipangwi na anayebanwa. Inapangwa na mwenzake aliye mbele. Kabla ya kwenda dukani kutafuta vidonge, mpanda baiskeli angetazama kwanza ameandamana na nani.

Imani ya chumvi haikuzuka hewani, na haki yake ipewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Uingereza walichunguza wachimba makaa ya mawe na wachochea moto wa meli za mvuke, watu waliofanya kazi saa nyingi katika joto kali, wakitoka jasho lita kwa lita na kunywa maji matupu kwa wingi. Wengine walikakamaa vibaya, mapaja, mikono, hata tumbo. Mwaka 1923 Moss, aliyefanya kazi karibu na mwanafiziolojia J. S. Haldane, aliandika kwamba wachimbaji walipotiliwa chumvi kidogo katika maji yao walipata nafuu. Hilo ni kweli na halina ubishi. Kosa lilifanyika baadaye, pale hitimisho la mgodini lilipobebwa zima zima na kupachikwa kwa mkimbiaji na mwendesha baiskeli, bila mtu kuuliza kama hali zao zinafanana. Mchimbaji yule alikuwa akipoteza chumvi siku baada ya siku, zamu baada ya zamu, na kurudisha maji peke yake. Mpanda baiskeli anayebanwa saa ya pili ya mbio, asubuhi, siku ya kwanza, akiwa amekula chakula chenye chumvi usiku uliotangulia, hajafika huko hata kidogo.

Walipoanza kupimwa wanamichezo wenyewe, picha ilibadilika. Profesa Martin Schwellnus na wenzake wa Cape Town waliwafuatilia wakimbiaji wa Two Oceans, mbio za kilomita 56 zinazokimbiwa mjini humo, na mwaka 2004 wakatoa matokeo: waliobanwa na wasiobanwa hawakutofautiana kwa upungufu wa maji mwilini, na tofauti ndogo iliyoonekana katika sodiamu ya damu ilikuwa ndani ya kiwango cha kawaida kwa pande zote mbili. Mwaka 2011 kundi hilo likachapisha utafiti wa wanatriathlon 210 wa Ironman. Tena, wala uzito uliopungua wala sodiamu ya damu havikuweza kutabiri nani angebanwa. Vilivyotabiri vilikuwa viwili: aliyekwenda kwa kasi kubwa ilhali maandalizi yake hayakuzidi ya wengine, na aliyewahi kubanwa katika mbio za karibuni. Sijui ni ushahidi gani mwingine unaosubiriwa. Huu umekuwepo miaka mingi, umetoka barani kwetu, umechukuliwa kutoka kwa watu walio mbioni hasa, na bado muuza vidonge anasikilizwa zaidi.

Hata asiyetaka takwimu anaweza kuifikia hoja hii kwa kufikiri tu. Damu ni moja, inazunguka mwili mzima. Kama upungufu wa chumvi katika damu ndio unaobana, kwa nini unachagua msuli wa mbele wa paja, wa nyuma yake na shavu la mguu, yaani misuli ile ile inayosukuma pedeli, na kuiacha mikono na shingo? Kisha jasho lina chumvi kidogo kuliko damu. Damu ya mtu mzima mwenye afya ina sodiamu milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Jasho la wengi huwa chini ya nusu ya hapo. Anayetoka jasho bila kunywa sana, sodiamu ya damu yake hupanda, haishuki. La tatu, na hili kila aliyebanwa analijua mwilini mwake: ukishuka kwenye baiskeli na kuunyoosha msuli ule polepole, mbano huachia ndani ya sekunde kadhaa. Kuunyoosha hakukuongeza chembe ya chumvi mahali popote.

Kunyoosha kunaufikia mfumo wa neva, na maelezo yenye nguvu leo yako huko. Ndani ya msuli mna vihisio vinavyouamrisha kukaza unapovutwa, na kwenye kano mna vingine vinavyouamrisha kulegea mvutano unapozidi. Msuli ukichoka, vile vya kukaza huchangamka na vile vya kulegeza hupungua sauti, hivyo neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo hupokea amri nyingi za kukaza na chache za kuachia. Hali huwa mbaya zaidi msuli unapofanya kazi ukiwa umefupika, kama ulivyo sehemu kubwa ya duara la pedeli. Unyooshaji huvuta kano, vihisio vyake huamka, na amri ya kulegea hupita. Sidai kila mbano duniani umeelezwa kwa mchoro huu, lakini unaeleza mengi ambayo chumvi haielezi hata moja.

Wapinzani wana hoja mbili zinazostahili jibu, na moja isiyostahili. Ya kwanza ni maji ya siki na chumvi yaliyohifadhia matango, ambayo wanamichezo wa Marekani huyanywa wanapobanwa. Yanasaidia kweli. Kevin Miller na wenzake waliwabana watu misuli kwa umeme katika maabara, na matokeo yao ya mwaka 2010 yanaonyesha kwamba waliokunywa maji hayo waliachiwa baada ya takriban sekunde 85, mapema kuliko waliokunywa maji matupu. Ila sekunde 85 hazitoshi chumvi kutoka tumboni, kuingia katika damu na kufika mguuni. Damu ilipopimwa dakika za mwanzo haikuwa imebadilika. Inavyoelekea ukali wa siki kooni huamsha neva zinazotuliza zile zilizochachamaa, kwa hiyo ushahidi huu unaopelekwa mahakamani na watu wa chumvi unawashinda wao wenyewe. Ya pili ni utafiti wa Australia wa mwaka 2019: watu waliokimbia katika joto na kupungukiwa maji, walipokunywa maji matupu misuli yao ikawa rahisi zaidi kubanwa kwa umeme, na walipokunywa ORS ikawa vigumu. Naupokea. Unasema usijaze tumbo maji matupu baada ya jasho jingi, na hilo nakubaliana nalo. Hausemi kwamba vidonge vya chumvi vinavyomezwa asubuhi vitamlinda anayepanda mlima kwa kasi ya mtu mwingine.

Isiyostahili ni ile ya "mimi nilimeza nikapona." Ulimeza, ukasimama, ukashuka, ukanyoosha mguu, kisha ukaendelea taratibu. Chochote ambacho ungemeza wakati huo kingepata sifa hiyo hiyo. Ndizi nayo imebebeshwa sifa isiyo yake. Potasiamu inayotoka na jasho ni kidogo mno, na ile iliyomo katika ndizi huchukua nusu saa au zaidi kuonekana katika damu, tena kwa ongezeko dogo. Kuleni ndizi kwa sababu ina gramu kama 25 za wanga, inamenywa kwa mkono mmoja na haichafui tumbo. Ni chakula kizuri cha mbio, na hiyo inatosha kuwa sifa yake.

Sasa nije kwenye timu, ambako swali lilipaswa kuanzia. Mfano unaojulikana kuliko yote ni Cape Epic ya Afrika Kusini, inayofanyika katika jimbo la Western Cape tangu mwaka 2004: siku nane, yaani utangulizi na hatua saba, kilomita kati ya 600 na 700, na miinuko ambayo kwa jumla hufika mita 15,000 au kuzidi. Washiriki huenda wawili wawili, na kanuni inawataka wasiachane kwa zaidi ya dakika mbili; muda wa timu ni wa yule anayevuka mstari wa pili. Fikiria kanuni hiyo inavyofanya kazi katika mguu wa mtu. Tofauti ya uwezo ambayo kwenye barabara tambarare haionekani, kwa sababu dhaifu hujificha upepo nyuma ya gurudumu la mwenzake, hujitokeza yote kwenye mpando, maana huko mwendo ni mdogo na kivuli cha upepo hakisaidii. Mwenye nguvu anakwenda kwa raha yake, anazungumza, anageuka kutazama. Dhaifu anaona aibu kumchelewesha, anasukuma gia nzito, anakaa juu ya uwezo wake dakika 20, kisha tena mpando unaofuata. Hakuna kati yao anayedhani amekosea. Saa ya tatu msuli unabana, na usiku wake mtu anauliza habari za chumvi.

Na hizi si mbio za siku moja. Msuli uliochanika kidogo kidogo jana unaanza leo ukiwa na uchovu wa jana, kwa hiyo kasi iliyovumilika siku ya kwanza inakuwa ya kubana siku ya tatu, ingawa mtu anaona anakwenda vile vile. Karl Platt wa Ujerumani ameshinda Cape Epic mara tano, na mara tatu kati ya hizo, 2007, 2009 na 2010, alikuwa na mtu yule yule, Stefan Sahm. Siwezi kupima mshikamano wa watu kwa mashine, lakini wawili waliozoeana wanajua mpando gani wa kuacha kukimbizana, na maarifa hayo hayauzwi katika chupa.

Mtu anaweza kusema: basi chumvi isiposaidia, itadhuru nini? Itadhuru. Anayemeza vidonge husikia kiu, hunywa zaidi, na huamini amejikinga. Hatari kubwa ya mbio ndefu ni kunywa kupita mahitaji mpaka sodiamu ya damu ishuke, na vidonge havimwokoi anayekunywa kupita kiasi. Katika utafiti wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, na ishara yake kubwa ilikuwa kumaliza mbio ukiwa mzito kuliko ulivyoanza. Mwenye shinikizo la damu ana sababu yake nyingine ya kuviogopa. Kibaya zaidi ni kwinini. Wako wanaoimeza ile dawa ya malaria kwa ajili ya kubanwa na misuli, na mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya waziwazi dhidi ya matumizi hayo kwa sababu inaweza kuangusha chembe sahani za damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Diklofenaki kabla ya mbio nayo iacheni: figo iliyokosa maji haiihitaji.

Yanayosaidia ni haya. Tafuta mwenzako ambaye mnapanda mlima kwa mwendo unaokaribiana, na mjaribuni wiki kadhaa kabla, siku mbili au tatu mfululizo, kwenye miinuko inayofanana na ya mbio zenyewe. Mkizidiana nguvu, dhaifu aende mbele kwenye mpando apange mwendo, na mwenye nguvu akate upepo kwenye tambarare na abebe vifaa vya ziada. Saa ya kwanza iwe ya mwendo wa kuweza kuzungumza, kwa wote wawili. Fungeni gia nyepesi, zungusheni pedeli haraka badala ya kusukuma kwa nguvu, na urefu wa siti usibadilishwe wiki ya mbio. Kuleni wanga gramu 60 kwa saa, hadi 90 kama tumbo limezoeshwa, mapema kabla ya njaa. Kunyweni kwa kiu. ORS ni sawa siku za joto, vidonge havina kazi. Chakula cha jioni kitiwe chumvi kama kawaida. Misuli ikibana, simama, nyoosha, sogeza kwa upole, kisha punguzeni mwendo pamoja. Anayebanwa mara kwa mara hata asipofanya mazoezi, au anayetumia dawa za presha au za kolesteroli, amwone daktari kabla ya kujiandikisha.

Na kwa kuwa mko wawili, mwangalieni mwenzenu. Akianza kuchanganyikiwa, kutapika bila kukoma, kuvimba vidole, au mkojo wake ukiwa wa rangi ya chai nyeusi, msimpe chumvi wala maji ya kumlazimisha. Simamisheni mbio na mwiteni tabibu wa njiani wakati huo huo.